Ukitaka Kupika Pombe, Anza na Kimea

Watu wengi wanaotaka kujifunza kupika pombe nyumbani huanza na vyombo. Huuliza ndoo iwe ya lita ngapi, chujio liwe la namna gani, ndizi zinunuliwe soko lipi. Kimea hukumbukwa mwisho, na mara nyingi hununuliwa kikiwa kimeshasagwa, mnunuzi asijue nafaka ilioteshwa lini wala ilianikwa wapi. Pombe ikigoma kuiva, au ikitoka kali kama siki, lawama huangukia ndizi, hali ya hewa au mkono wa mpishi.

Makala haya yanakushauri ugeuze mpangilio huo. Wiki mbili za mwanzo usiguse ndizi hata moja. Otesha ulezi, uanike, uusage, kisha ukipime kimea chako kwa kupika togwa. Togwa ikikubali, umeshavuka sehemu ngumu. Itakayobaki ni kazi ya kuchemsha, kuchuja na kusubiri.

Pombe tutakayoifuata hatua kwa hatua ni mbege, pombe ya Wachaga wa Kilimanjaro. Nimeichagua kwa kuwa inafundisha mambo mawili kwa mpigo. Ndizi mbivu zina sukari tayari. Ulezi una wanga, ambao sharti ugeuzwe sukari kwanza. Anayeielewa mbege hatapata taabu kuielewa lubisi ya Bukoba, inayopikwa kwa ndizi na mtama, wala busaa ya magharibi mwa Kenya, ambayo unga wake wa mahindi huchachushwa na kukaangwa kabla ya kutiwa kimea cha ulezi. Tena mahitaji ya mbege yako sokoni. Shayiri iliyooteshwa na maua ya hopsi, ambavyo viwanda vya bia huvitumia, ni vigumu kuvipata kwa kilo mbili tatu. Ulezi na ndizi havikosekani.

Kazi ya kimea

Hamira, iwe ya dukani au ile inayoishi yenyewe kwenye vyombo na maganda ya matunda, hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya kabonidayoksaidi inayoleta mapovu. Wanga haiuwezi. Punje ya nafaka inapoanza kuota hutengeneza vimeng'enya vya kuugeuza wanga wake kuwa sukari, ili mche mchanga upate chakula. Mpishi wa pombe humwahi huyo mche. Huiacha punje iote kiasi cha kupata vimeng'enya vya kutosha, halafu huikausha kabla haijala akiba yake yote. Nafaka hiyo iliyooteshwa na kukaushwa ndiyo kimea.

Vimeng'enya hivi hufanya kazi kwa kasi kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi za Selsiasi. Vikichemshwa huharibika, wala havirudi. Asiyelijua hili hutia kimea chote kwenye maji yanayotokota, akapata uji mzito usio na utamu, kisha akashangaa kwa nini pombe yake haina nguvu.

Kuotesha ulezi

Nunua ulezi wa chakula kilo mbili. Usinunue mbegu za kupandia kwenye duka la pembejeo, kwa sababu nyingi zimepakwa dawa ya wadudu au ya kuvu, na dawa hiyo ni sumu kwa mlaji. Epuka pia ulezi uliokobolewa au uliokaa ghalani muda mrefu, hautaota vizuri.

Kabla ya kuloweka zote, pima kidogo. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, uweke mahali pasipo na baridi, ukilowanisha kitambaa kila kinapokauka. Siku ya tatu fungua uhesabu zilizochipua. Zikifika 90 au zaidi, ulezi huo unafaa. Zikiwa chini ya 80, tumia ulezi huo kwa uji na utafute mwingine. Punje isiyoota haikai bure kwenye gunia lenye unyevu. Huoza na kuzaa kuvu, kisha huziambukiza zilizo nzima.

Ulezi uliofaulu upepete kwa ungo, uondoe mawe na makapi, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Loweka kutwa na kucha, ukibadilisha maji kila baada ya saa sita au nane, maana punje iliyozama kwenye maji yaleyale hukosa hewa na kuanza kunuka. Kisha mwaga maji, ueneze ulezi kwenye gunia safi, unene usizidi kina cha vidole viwili, ufunike kwa majani ya mgomba yaliyooshwa au kwa gunia jingine bichi. Asubuhi na jioni nyunyiza maji kidogo na ugeuze kwa mikono safi. Punje zinazoota hutoa joto, na usipozigeuza zile za katikati hupikika zenyewe.

Kwa hali ya hewa ya joto, siku mbili au tatu zinatosha. Mahali penye baridi, kama Machame mwezi wa Julai, huenda ukahitaji nne au tano. Simamisha kazi vimizizi vikifikia urefu wa sentimita moja hivi na kuanza kusukana. Ukiona majani ya kijani, umechelewa, kwa kuwa mche umeshaanza kula sukari uliyokuwa ukiitegemea.

Kuanika ndiko kunakowashinda wengi. Tandaza kimea chembamba kwenye mkeka au turubai safi iliyoinuliwa juu ya kichanja, si kwenye udongo wala kando ya barabara yenye vumbi na moshi wa magari. Kigeuze mara kwa mara, na jua likizama kiingize ndani. Kimekauka pale punje inapovunjika kwa sauti ukiitafuna. Sugua kwa viganja ili vimizizi vidondoke, upepete, kisha usage kwa chenga ndogondogo. Kama ni masika na jua halionekani siku tatu mfululizo, subiri. Kimea kilichokaa na unyevu hakiokolewi na kitu chochote utakachofanya baadaye jikoni.

Mtama nao hutoa kimea kizuri, lakini machipukizi yake yana kemikali inayoweza kuzaa sayanidi, na kukiandaa kunahitaji uangalifu zaidi. Anayeanza abaki na ulezi.

Togwa ndiyo mtihani

Sasa pima kimea chako kwa kitu cha gharama ndogo. Pika uji wa mahindi lita 3 kwa unga wa gramu 400 hivi, mpaka uive sawasawa na kuwa mzito. Kwenye bakuli pembeni, koroga gramu 150 za kimea katika lita 2 za maji safi yasiyopashwa moto. Epua uji, subiri dakika tano, kisha mimina mchanganyiko wa kimea ndani yake huku ukikoroga. Lita 3 za uji uliotoka kuchemka zikikutana na lita 2 za maji ya kawaida hutulia karibu na nyuzi 65 au 70, palepale vimeng'enya vinapopapenda. Kwa hiyo hata asiye na kipimajoto anaweza kulipata joto linalotakiwa, mradi asibadilishe uwiano wa tatu kwa mbili.

Funika sufuria, uizungushie blanketi, urudi baada ya nusu saa. Uji uliokuwa ukisimamisha mwiko unapaswa kuwa umelegea na kuwa mwepesi, na ukiuonja uwe na utamu ambao hukuutia. Ukikuta hivyo, kimea chako ni kizima. Ukikuta uji bado mzito na hauna ladha, ama ulimimina kimea kwenye uji wenye moto mno, ama kimea chenyewe hakikuota vya kutosha au kilikaushwa kwa joto kali. Rudia ukiwa umesubiri dakika chache zaidi baada ya kuepua. Ikishindikana tena, kosa liko kwenye kimea. Hapo umepoteza unga wa mahindi usiofika nusu kilo, wala hujaharibu mkungu wa ndizi.

Uji uliofaulu uache upoe mpaka uwe vuguvugu, tia vijiko viwili vya togwa ya jana kama unayo au kijiko cha kimea, ufunike ulale. Kesho yake utakuwa na kinywaji chenye utamu na uchachu, kile ambacho watu wa Ruvuma na Iringa wanakijua tangu utotoni. Kinywe siku hiyohiyo, maana ukikiacha kinaendelea kuchachuka mpaka kiwe pombe. Wasiotumia kileo nao wanapata faida hapa: kimea hichohicho huulainisha uji wa lishe, mtoto akala unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile bila kushindwa kumeza. Uji wa mtoto uuchemshe tena baada ya kulegea, kisha umpe ungali mpya.

Rudia togwa mpaka ikubali kila unapoipika. Andika kila kitu kwenye daftari: ulezi ulitoka wapi, uliota siku ngapi, uji ulilegea baada ya dakika ngapi. Mpishi mzoefu anayo kumbukumbu mkononi na puani. Wewe bado huna, basi iwe kwenye karatasi.

Vyombo

Huhitaji vingi. Sufuria kubwa ya lita 12 au zaidi, ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula, mwiko mrefu, na kitambaa cha pamba cha kuchujia. Ndoo iliyowahi kubeba rangi, mafuta ya gari au dawa ya shamba haisafishiki. Iache kwa kazi nyingine. Usichachushie kwenye debe la bati lililopakwa zinki, kwa sababu uchachu wa pombe huyeyusha zinki na kumdhuru mnywaji. Hata chuma kitupu hakifai. Kusini mwa Afrika madaktari walieleza maradhi ya chuma kuzidi mwilini miongoni mwa watu waliokunywa kwa miaka mingi pombe iliyopikiwa kwenye mapipa ya chuma.

Usafi wenyewe hauna siri. Osha kwa sabuni, suuza mpaka harufu ya sabuni iishe, kisha mwagia maji yanayochemka ndani ya ndoo, kwenye mwiko na kwenye kitambaa muda mfupi kabla ya kuvitumia. Kinachogusa pombe baada ya moto kuzimwa ndicho kinachohitaji usafi mkubwa zaidi.

Mbege, hatua kwa hatua

Vipimo hivi vya kuanzia vinatoa lita kumi hivi. Usipike zaidi ya hapo mpaka umerudia mara kadhaa, kwani pombe ya lita kumi ikiharibika inamwagika bila majuto makubwa.

Tafuta ndizi za kupikia pombe, zilizoiva mpaka maganda yana madoa meusi na nyama yake inabonyea. Uchagani kila kijiji kina majina yake na upendeleo wake, kwa hiyo mweleze muuzaji kuwa ni za mbege. Mchare mbichi wa mtori si wa kazi hii. Menya, upime kilo 4 bila maganda, utie kwenye sufuria pamoja na maji lita 6. Chemsha kwa moto wa wastani saa mbili au tatu, ukiongeza maji yanapopungua, mpaka ndizi ziwe zimevurugika na rangi imekuwa ya wekundu wa kahawia. Wapishi wa mapipa makubwa huchemsha muda mrefu kuliko huo, na rangi yao hukolea zaidi.

Funika, uache ipoe mpaka ukiweka mkono usihisi moto wala baridi. Sasa inahitaji chachu. Pipa la mbao la bibi anayepika kila wiki limejaa hamira kwenye nyufa zake, kwa hiyo pombe yake huanza kuchemka yenyewe. Ndoo yako mpya ya plastiki haina kitu, na moto umeziua hamira zilizokuja na ndizi. Una njia mbili. Omba kikombe cha mbege changa kutoka kwa mpishi unayemwamini, au tia nusu kijiko cha chai cha hamira ya mkate, ambayo ni ya spishi ileile inayotumika katika kupika pombe. Hamira ya dukani si dhambi. Humpa anayeanza uhakika, na ladha ya kienyeji ataifuata baadaye.

Mimina kwenye ndoo, ukiacha nafasi ya robo juu kwa ajili ya povu. Funika bila kukaza, hewa ipate kutoka. Weka mahali penye kivuli. Ndani ya siku moja utaona mapovu na kusikia harufu ya matunda yaliyochachuka. Acha siku tatu, au mbili kama uko Dar es Salaam au Mombasa kwenye joto.

Jioni kabla ya siku ya kuchuja, andaa mso, yaani uji wa kimea. Chukua kilo moja ya unga wa kimea. Robo tatu yake pika uji kwa maji lita 3. Robo iliyobaki koroga kwenye lita 2 za maji ya kawaida. Epua uji, subiri dakika tano, changanya kama ulivyofanya kwenye togwa, funika kwa saa moja. Ukishalegea na kuwa mtamu, urudishe motoni, uchemke dakika kumi kuua vijidudu, kisha ufunike upoe usiku kucha. Sasa kuchemsha hakudhuru, maana vimeng'enya vimeshamaliza kazi.

Asubuhi chuja ndizi kwa kitambaa, ukamue machicha, uyatupe au uwape mifugo kidogokidogo. Changanya maji ya ndizi na mso uliopoa, koroga, ufunike bila kukaza. Hamira iliyokwisha kuzoea itaishambulia sukari mpya kwa nguvu, na kesho yake mbege inanyweka: nzito kidogo, yenye povu, utamu na uchachu vikishindana. Siku ya pili huwa kali zaidi. Siku ya tatu au ya nne inaelekea kwenye siki. Mbege haiwekwi. Ipike ukijua siku ya wageni. Usiifunge kamwe kwenye chupa ya kioo na kukaza kizibo, kwa kuwa hewa inayoendelea kuzalishwa hupasua chupa, na vipande vyake hujeruhi.

Utasikia habari za msesewe, gome linalotiwa kwenye mbege kuongeza uchungu. Wengine huuita mti wa kwinini, ingawa si jamaa ya mti wa kwinini halisi. Ni wa jenasi ya Rauvolfia, jenasi iliyotoa resapini, dawa ya kushusha shinikizo la damu. Kipimo chake hujifunzwa kwa kusimama pembeni ya mpishi anayeujua, hakijifunzwi kwa kusoma. Mpaka hapo, mbege yako iende bila msesewe.

Wakati wa kumwaga

Ukiona kuvu yenye manyoya, ya kijani, nyeusi au ya waridi, juu ya kimea au juu ya pombe, mwaga yote. Usiondoe sehemu iliyoota kuvu ukaendelea na iliyobaki. Sumu za kuvu huenea kusikoonekana, na moto wa jikoni hauzimalizi.

Mwezi Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uvumi ulienea kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo jingine: sumu ya asidi ya bongkreki, iliyotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Hakuhitajika adui, unga mbovu ulitosha. Kumbuka hilo utakapokuwa umeshika kilo moja ya kimea kinachonuka uvundo na moyo ukikuambia kwamba kitachemshwa tu.

Usijaribu kuitonesha pombe yako ili upate gongo au chang'aa. Huko kuna hatari ya moto na ya sumu, na nchini Tanzania sheria ya mwaka 1966 inakataza kutonesha bila leseni. Kuuza pombe ya kienyeji pia kunahitaji kibali, hata kama ni vikombe vichache mlangoni. Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa mtengenezaji na kwa muuzaji, kwa hiyo aliyeko huko aulize ofisi ya kaunti kabla hajawasha jiko.

Nguvu ya mbege huwezi kuijua kwa kuitazama, na utamu wake hudanganya. Anayeendesha gari au pikipiki asiinywe. Mjamzito, mtoto, na mtu anayetumia dawa kama metronidazoli wasipewe hata cha kuonja.

Ukitimiza haya yote utakuwa umejifunza kazi ambayo kina mama wa Uchagani wameibeba kwa vizazi, na utaiheshimu kuliko ulivyoiheshimu ulipokuwa mnywaji tu. Watafute, uwaulize, uwalipe muda wao. Halafu siku ya kuwakaribisha watu, jimiminie wewe kwanza, unywe mbele yao. Pombe ambayo mpishi anasita kuinywa, mgeni asipewe.